Difu ya Land Rover ya zamani inalia, inavuja au inachemka: uanzie wapi, na utie oili ipi

Kila mwenye Land Rover ya zamani amewahi kuambiwa na fundi wa njiani: "Difu ikilia itie 140, itanyamaza." Na kweli hunyamaza, wiki mbili au tatu. Halafu siku moja umepakia magunia ya mahindi unasikia kishindo chini ya bodi, na gari haliendi mbele wala nyuma. Ile 140, yaani oili nzito ya gia, haikutibu kitu. Ilifunika mlio, na mlio ndio uliokuwa ukikuomba msaada.

Haya ninayoandika yanahusu difu, yaani gia zinazogawia magurudumu nguvu, na ekseli ya nyuma ya Land Rover Series II, IIA na III, zile zilizotoka kiwandani kati ya 1958 na 1985. Mwenye Peugeot 404 naye asome mpaka mwisho. Kosa ambalo kwenye Land Rover husameheka, kwenye gari lake linaweza kuua difu nzima.

Kwanza ijue ekseli uliyo nayo

Lala chini ya gari upande wa nyuma, uutazame mgongo wa difu. Ukikuta bakuli la chuma lililochomelewa, laini, halina bolti hata moja, hiyo ni ekseli ya Rover. Difu yake hutolewa kwa mbele, upande wa propela, ile shafti ndefu inayoleta nguvu nyuma. Ukikuta mfuniko ulioshikwa na bolti kuzunguka ukingo wote, hiyo ni Salisbury, ambayo imefungwa kwenye Land Rover 109 nyingi, zile ndefu, hasa za Series III.

Tofauti yao si ya umbo tu. Kwenye ekseli ya Rover pinioni, yaani gia ndogo inayozungushwa na propela, imelengana na kitovu cha krauni, ile gia kubwa ya duara, na ingawa meno yamepinda, kazi yake kubwa ni kubiringika. Salisbury ni haipoidi: pinioni imeshushwa chini ya kitovu cha krauni, kwa hiyo meno yanatelezeana kwa nguvu yakiwa yamekandamizana. Mtelezo huo huikamua oili ya kawaida ikatoka katikati, chuma kikabaki kinakula chuma. Ndiyo sababu oili ya difu hutiwa dawa za salfa na fosforasi, ambazo meno yakipata moto hujenga utando mwembamba juu ya chuma. Zile herufi EP kwenye kopo ndizo zinazokuambia dawa hizo zimo.

GL-4 na GL-5 zinaeleza dawa hizo zimetiwa kwa ukali gani. GL-5 ina karibu mara mbili ya GL-4 na imekusudiwa haipoidi inayofanya kazi ngumu. Basi Salisbury mpe GL-5 ya 80W-90, lita 2.5. Ekseli ya Rover inatosheka na GL-4 ya 80W-90 au 90, lita 1.75, na GL-5 haitaidhuru kwa sababu krauni na pinioni ni za chuma tupu. Mahali pa kuiogopa GL-5 ni kwenye giaboksi ya gari hilohilo, ambamo kuna vipande vya shaba na bronzi. Salfa kali ikipata joto huyashambulia madini hayo ya njano. Wengi hununua dumu moja wakajaza kila tundu chini ya gari, na miezi baadaye gia zinagoma kuingia wakashangaa.

Kuhusu namba ya uzito, usitishwe na 90. Mizani ya oili ya gia si ile ya oili ya injini. Oili ya gia ya 90 ina uzito unaokaribiana na oili ya injini ya 40 au 50. Na 80W-90 inatosha Tanga kwenye jua kali kama inavyotosha Makete asubuhi ya Julai. Sioni sababu ya 140 kwenye ekseli isiyo na ugonjwa. Inaongeza uzito wa kuzungusha na inaongeza joto.

Kabla hujanyanyua gari

Tafadhali soma hapa hata kama umeshachafuka mikono. Breki ya mkono ya Land Rover hizi haishiki magurudumu, inashika shafti inayotoka nyuma ya transifa, giaboksi ndogo ya foo-wili, kwenda kwenye propela. Ukinyanyua tairi moja la nyuma, difu inaliruhusu lililo hewani lizunguke kinyume, lililo chini nalo likabiringika, gari likateremka kwenye jeki na breki ya mkono umeivuta mpaka mwisho. Ukifungua propela ya nyuma au ukichomoa hafushafti, shafti inayotoka difu kwenda gurudumu, vivyo hivyo, breki ya mkono haipo tena. Weka mawe au magogo mbele na nyuma ya matairi yaliyobaki chini, ingiza gia nzito na foo-wili, simamisha ekseli juu ya stendi imara, ndipo uingie chini. Matofali yasitumike hata kwa dakika tano.

Tena, siku zote fungua nati ya tundu la kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Zote mbili hukaa miaka bila kuguswa. Nimemwona mtu amemwaga oili yote Jumamosi jioni kisha nati ya juu ikakataa katakata, na gari analihitaji Jumapili alfajiri kwa safari ya msiba.

Dalili: difu inalia

Chanzo kinachoongoza ni oili kupungua. Simamisha gari kwenye tambarare, subiri robo saa oili itulie, fungua tundu la kujazia, chomeka kidole. Oili iwe usawa wa mdomo wa chini wa tundu, ukigusa idondoke kidogo. Kama kidole hakigusi kitu, umepata pa kuanzia: jaza, endesha, sikiliza. Ila usiishie hapo. Oili haiyeyuki hewani, tafuta imepitia wapi.

Kinachofuata, na kimewatia hasara wengi, si difu kabisa bali ni matairi. Tairi za matope zikilika kwa mshazari huvuma kama difu iliyokufa. Pita kwenye lami, kisha uingie barabara ya vumbi kwa mwendo uleule. Mvumo ukibadilika, ni tairi. Ukibaki vilevile, endelea kutafuta.

Sasa tega sikio kwenye mguu wako. Mlio unaopanda ukikanyaga mafuta na kubadilika ukiachia unatoka kwenye pinioni, yaani meno yake au beringi zake. Ngurumo isiyojali umekanyaga au umeachia, ila inaongezeka gari likilalia upande mmoja kwenye kona, hiyo ni beringi ya habu, yaani kitovu cha gurudumu. Beringi ya pinioni unaweza kuipima ukiwa chini: shika flanji ya propela, kile kisahani kinachoiunga na difu, kwa mikono miwili, uisukume juu na chini, mbele na nyuma. Isiwe na plei, yaani kulegea, hata chembe. Kuzunguka kidogo kwenda na kurudi ni kawaida ya gari la umri huu, lakini kuyumba juu na chini si kawaida hata kidogo.

Kama oili imejaa, ni ya aina sahihi, na mlio upo tangu ulipolinunua gari wala haukui, unaweza kuishi nao miaka. Meno yameshazoeana yalivyo. Kama mlio unakua kila wiki, hapo ndipo mwisho wa kazi ya nyumbani. Kurekebisha krauni na pinioni kunataka shimu (vibati vyembamba vya kupangia nafasi), saa ya kupimia na mtu aliyewahi kufanya, maana nafasi kati ya meno hupimwa kwa sehemu za mia za milimita. Salisbury inazidi, kwa kuwa kuitoa difu yake kunahitaji kifaa cha kuipanua nyumba yake kidogo. Fundi anayetaka kuing'oa kwa mtaimbo mshukuru kwa heshima, uondoe gari lako.

Dalili: oili inavuja

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mimi mwenyewe nilipoteza pesa. Land Rover 109 ya baba mdogo ilikuwa inavuja kwenye pinioni. Nikabadilisha sili, ile pete inayozuia oili isitoke. Wiki mbili baadaye, doa lilelile chini. Nikailaumu sili, nikanunua nyingine ya bei zaidi, nikabadilisha tena, na bado. Mzee mmoja fundi, jirani yetu, akaja kusalimia tu, akainama, akaniuliza, "Kijana wangu, hii difu inapumua wapi?" Sikuelewa swali. Akapitisha mkono juu ya ekseli, akakwangua tope lililoganda kama simenti, akaonyesha kidude cha shaba kisichozidi ncha ya kidole. Akakifungua kwa spana, akakitikisa karibu na sikio langu. Kimya. Kimezibwa na udongo mwekundu. Tulikiloweka kwenye dizeli mpaka asubuhi, na nilipokitikisa tena nikasikia kigololi kinacheza ndani, ka-ka-ka. Sili ile ya pili haikuvuja tena.

Ekseli ikipata moto, hewa ndani hutanuka. Kipumulio kikiziba, hewa hiyo hutafuta njia kwa kuisukuma oili ipite kwenye sili. Kwa hiyo uvujaji wowote, uwe wa pinioni au wa gurudumu, anza na kipumulio. Ni kazi ya dakika kumi na haina gharama.

Baada ya hapo angalia kama difu imejazwa kupita kiasi. Wapo wanaonyanyua gari upande mmoja ili iingie nyingi, wakiamini wanaitendea wema. Oili iliyozidi hupovuka, hupata moto, na hutoka.

Ndipo uitazame sili ya pinioni. Ukishaitoa flanji, pitisha ukucha pale sili inapoegemea. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, sili mpya itavuja kama ya zamani. Badilisha flanji, au ipigwe bushi nyembamba na mtu wa mashine ya kukereza. Kwenye Salisbury usiikaze nati ya pinioni kwa kukisia nguvu. Kwenye baadhi yake kukaza huko ndiko kunakopanga mkazo wa beringi, na beringi iliyobanwa mno huungua.

Uvujaji kwenye gurudumu ni jambo zito kuliko yote. Oili husafiri kando ya hafushafti, ikaingia kwenye habu, ikaipita sili ya habu na kuingia kwenye ngoma ya breki. Utaona michirizi myeusi upande wa ndani wa tairi, au gari likifunga breki linavuta upande mmoja. Ukiona hivyo, gari lisitembee tena mpaka litengenezwe. Viatu vya breki vilivyokunywa oili havioshwi kwa petroli vikapona, vinabadilishwa, tena pande zote mbili kwa pamoja. Na ile kola ambayo sili ya habu inaegemea ikaguliwe kwa ukucha kama flanji ya pinioni, kwa sababu nayo huchimbika.

Gasketi na bolti zilizolegea huvuja polepole, hazikimbizi mtu. Nyufa kwenye nyumba ya ekseli ni nadra, ila gari lililowahi kupinduka au kubeba mzigo wa kupindukia litazamwe sehemu za kuchomelewa. Ukiona ufa, ni kazi ya fundi mchomeleaji anayejua kunyoosha ekseli.

Dalili: oili imekuwa kama chai ya maziwa

Ni maji, hakuna cha kubahatisha. Umevuka mto difu ikiwa ya moto, ikapoa ghafla, hewa ndani ikasinyaa, na ekseli ikavuta maji kupitia popote ilipoweza: kipumulio kilichoharibika, sili ya habu, sili ya pinioni. Wanaoendesha bonde la Kilombero wakati wa masika wanaijua rangi hiyo.

Mwaga yote. Tia oili ya bei nafuu ya aina ileile, endesha kilomita 20 au 30 bila mzigo, mwaga ikiwa vuguvugu, kisha tia ile unayokusudia kukaa nayo. Usingoje wikiendi ijayo. Maji yakilala kwenye beringi huacha alama za kutu, na alama ndogo kwenye beringi ndiyo huwa mlio wa miezi sita ijayo. Kama unavuka maji marefu mara kwa mara, kagua oili kila baada ya safari, na kipumulio kirefushwe kwa mpira mwembamba uliopandishwa juu ndani ya bodi.

Dalili: difu inapata moto kupita kawaida

Ekseli iliyobeba mzigo kwa saa moja huwa ya moto, mkono hauvumilii kuishika kwa muda, na hilo peke yake si ugonjwa. Nyunyizia tone la maji mdomoni mwa difu, karibu na pinioni. Likichemka na kuruka, simama hapo.

Mara nyingi oili imepungua au imezidi. Pili ni oili nzito mno, na hapa ile 140 ya fundi wa njiani inarudi, au mbaya zaidi grisi iliyochanganywa na oili. Grisi hairudi kwenye meno ikishatupwa pembeni, inabaki imeganda ukutani na beringi ya pinioni inabaki kavu. Tatu, kama difu imefunguliwa karibuni, beringi zimekazwa kupita kiasi. Hiyo rudisha kwa aliyefunga, siku hiyohiyo, kwa kuvutwa.

Dalili: inagonga "ko!" ukiachia klachi

Oili haihusiki hapa, na wanaobadilisha oili kwa ajili ya kugonga huku wanapoteza pesa. Anza na krosi, yaani viungo, za propela: shika propela, izungushe huku na huku ukiitazama krosi, plei utaiona kwa macho. Kisha fungua kofia za habu uangalie meno ya flanji na ya hafushafti. Yakiwa yamelika hulegea na kugonga. Mwisho ndipo ushuku gia ndogo zilizo ndani ya difu. Kishindo kimoja kikubwa kikifuatiwa na gari kutoenda popote, mara nyingi ni hafushafti imekatika, na za ekseli ya Rover zinajulikana kwa udhaifu huo. Vipande vilivyobaki ndani vitolewe vyote kabla ya kutia mpya.

Soma oili unayoimwaga

Imwage kwenye beseni safi, ikiwa vuguvugu. Pitisha sumaku humo. Iliyotolewa kwenye spika mbovu inafaa sana. Uji laini wa kijivu unaong'aa ukiusugua kwa vidole ni ulaji wa kawaida wa miaka. Vibapa vinavyochoma kidole, au kipande chenye umbo la jino, maana yake gari halitoki hapo. Vumbi la dhahabu lisiloshikwa na sumaku ni shaba au bronzi, linatoka kwenye washa za ndani. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua imekaa mno au imechemka. Harufu kali ya salfa kwenye oili mpya isikutishe, ndiyo dawa yenyewe.

Dukani, kopo lisiloandikwa GL wala SAE liache hapohapo, na oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa usiinunue hata kama muuza unamwamini, kwa sababu naye hajui pipa lilijazwa na nani. Tafuta kopo lenye lakiri nzima na alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Oili uliyoimwaga isimwagwe kwenye mfereji, wapo wanaoikusanya.

Mwenye Peugeot 404

Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania, alishinda East African Safari mwaka 1966 na 1967 akiwa na 404, na gari hilo lilipendwa hapa kwa uvumilivu wake. Lakini difu ya 403, na ya 404 nyingi, si krauni na pinioni. Ni parafujo ya chuma inayozungusha gurudumu la bronzi. Kila nilichosema juu ya GL-5 na madini ya njano kinahusu gurudumu hilo moja kwa moja. Ukitia GL-5 kali, salfa inaitafuna bronzi huku parafujo ikiisugua, na spea yake siku hizi ni ya kutafutwa kwa tochi.

Kiwanda kilitaka oili ya pekee yenye asili ya mbarika, yaani mafuta ya nyonyo. Oili ya namna hiyo haichanganyiki vizuri na oili za madini, mchanganyiko huganda kama ulimbo. Kwa hiyo usiongezee juu kwa juu. Kama hujui kilichomo, mwaga chote, tazama kama kuna vumbi la dhahabu, kisha tia oili ambayo mtengenezaji ameandika waziwazi kuwa ni ya gia ya parafujo na haidhuru bronzi. Muuza duka akikuambia "zote ni sawa tu, bosi", mrudishie kopo lake. Na ukishapata oili sahihi, andika jina lake kwa rangi nyeupe kwenye ekseli, kando ya tundu la kujazia, ili fundi wa kesho asikisie.